WEWE NI WA NANI?

Dominika ya Pili ya Mwaka, Mwaka B
Masomo: 1 Sam 3:3-10, 19, 1 Kor 6:13-15, 17-20, Yn 1:35-42



Sikukuu za Noeli zimepita, pango limeondolewa kanisani, na padre amerudia kuvaa vazi la kijani. Huku kwetu Mwandoya, katika wilaya ya Meatu, mwezi huu wa Januari watu wako shambani tangu alfajiri. Pamba iliyopandwa mwishoni mwa mwaka imekwisha kuota, na palizi haingoji. Ni kipindi ambacho mtu huinama juu ya jembe siku nzima, mstari baada ya mstari, na mawazo yake hupata nafasi ya kwenda mbali. Hapo ndipo maswali mazito hujitokeza. Ninalima kwa ajili ya nani? Maisha haya yanaelekea wapi? Hivi mimi ni nani hasa?

Maswali hayo si ya wasomi peke yao. Twayasikia katika kitubio, twayasikia kando ya vitanda vya wagonjwa, na zaidi sana twayasikia kwa vijana wanaorudi nyumbani baada ya kuhangaika mijini. Masomo ya Dominika ya leo yanayajibu, lakini kwa namna ambayo pengine hatukuitazamia. Hayatuambii kwanza sisi ni nani. Yanatuuliza kwanza sisi ni wa nani.

Ninyi mnaoishi Usukumani mnaifahamu salamu ya wazee wetu. Ukikutana na mzee njiani asubuhi, utamwambia, "Ng'wangaluka," naye ataitikia. Lakini salamu haijaisha. Atakuuliza, "Ng'wa nani?", maana yake, wewe ni wa kwa nani? Hakuulizi kwanza kazi yako, wala umesoma hadi darasa la ngapi, wala una ng'ombe wangapi. Utamtajia jina la baba yako. Kama hamfahamu, utamtaja babu, kisha ukoo, kisha kijiji mlikotoka, mpaka mzee apate mahali pa kukuweka. Akishapata, uso wake hufunguka, na salamu huanza upya kana kwamba mmefahamiana miaka mingi.

Hata majina yetu yanasema jambo hilohilo. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, na kama ni wa kike, Kabula. Jina lake linamfunga na mvua iliyowanyeshea wote. Mapacha huitwa Kulwa na Doto, naye anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Tafakarini kidogo majina hayo. Hakuna awezaye kuwa Doto peke yake. Jina la Doto linamtaja Kulwa hata kama Kulwa hayupo, hata kama Kulwa alifariki akiwa mchanga. Wazee wetu walijua kwamba mtu hajifahamu kwa kujitazama katika kioo tu. Hujifahamu kwa kutazama amepata uhai kutoka kwa nani, amefuatana na nani, na nani anamfuata.

Basi tuitazame Injili ya leo. Yohane Mbatizaji amesimama na wanafunzi wake wawili. Anamwona Yesu akipita, naye anawaonyesha kuwa huyo ndiye Mwanakondoo wa Mungu. Wanafunzi wale wanaanza kumfuata Yesu nyuma nyuma, bila kusema neno. Ndipo Yesu anageuka na kuwauliza wanatafuta nini. Katika Injili ya Yohane, hayo ndiyo maneno ya kwanza kabisa kutoka kinywani mwa Bwana. Haanzi kwa amri, wala kwa mafundisho. Anaanza kwa swali, na ni swali lilelile linalomjia mkulima aliyeinama juu ya jembe: Unatafuta nini?

Wale wawili hawana jibu lililo tayari. Badala ya kusema wanachotafuta, wanamwuliza Yesu anakaa wapi. Naye anawaalika waende wakaone. Wakaenda, wakaona, wakashinda naye siku ile. Mwinjili anakumbuka hata saa: ilikuwa yapata saa kumi. Nasi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuhitaji maelezo, kwa kuwa ni saa kumi ile ile ya jioni, wakati jua linapoanza kupungua ukali na watu wanarudi kutoka shambani. Miaka mingi baadaye saa ile ilikuwa bado inakumbukwa. Hatuambiwi walizungumza nini. Tunaambiwa tu kwamba walikaa naye.

Kisha Andrea anamtafuta ndugu yake Simoni na kumleta kwa Yesu. Sikilizeni namna Yesu anavyompokea. Anamtazama, anamtaja kwa jina lake na kwa jina la baba yake: Simoni, mwana wa Yohane. Ndiyo salamu ya wazee wetu! Kabla ya kumpa jina jipya la Kefa, yaani Petro, Mwamba, kwanza Bwana anamtambua kuwa ni wa nani. Hafuti ukoo wake. Anaanzia hapo, kisha anampeleka mbali kuliko ukoo wake. Wala Petro hakugundua wito wake kwa kukaa peke yake na kujiuliza yeye ni nani. Aliletwa na ndugu yake, akatazamwa na Bwana, akaitwa. Jina lake jipya, ambalo ndani yake kulikuwa na kazi yake yote ya baadaye, alilipokea kwa mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kijana Samweli katika somo la kwanza. Usiku anasikia sauti ikimwita, naye anakimbia kwa mzee Eli. Mara tatu anakimbia, mara tatu anarudishwa kulala. Sauti ilikuwa ya Mungu, lakini kijana hakuitambua. Aliyemsaidia kuitambua ni mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupofuka, mzee ambaye hata nyumba yake mwenyewe ilikuwa imemshinda, maana wanawe walikuwa waovu. Hata hivyo Mungu hakumwita Samweli pasipo Eli. Kijana alikuwa na masikio makali. Mzee alikuwa na kumbukumbu. Bila masikio ya kijana sauti isingesikika, na bila kumbukumbu ya mzee sauti isingefahamika ni ya nani.

Ndugu wapenzi, tungependa kuwasimulia jambo lililotokea huku kwetu miaka michache iliyopita. Hatutataja majina ya wahusika, kwa kuwa wengine wangali hai.

Kijana mmoja wa hapa aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na minane. Alikwenda kwanza kwenye machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Baadaye akaenda Dar es Salaam, akaendesha bodaboda. Alikaa huko jumla ya miaka saba. Hakuwa mlevi wala mwizi. Alipata fedha akazitumia, akapata nyingine akazitumia. Alituambia kwamba kwa miaka ile ya mwisho karibu kila mtu alimwita "we bodaboda," nao waliokuwa na namba yake katika simu walimwandika kwa jina la kituo alichoegesha pikipiki. Ikafika wakati, alisema, akiamka asubuhi hajui kwa nini anaamka. Akauza pikipiki, akapanda basi, akarudi nyumbani kabla ya Noeli.

Alikuja nyumbani kwa mapadre jioni moja. Tulidhani amekuja kuungama. Kumbe alikuwa na swali. Aliuliza, "Padre, mimi naishi kwa ajili gani?" Nasi tulimjibu. Tulimjibu kama tulivyofundishwa seminarini, kwamba mtu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, ili amjue, ampende, amtumikie, na mwisho afike kwake mbinguni. Jibu hilo ni kweli tupu, na hatulionei haya. Kijana alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaaga. Lakini tulipomtazama akivuka uwanja wa kanisa tuliona kwamba ameondoka na mzigo wake kama alivyokuja nao.

Siku chache baadaye alikuwa akienda mnadani. Njiani alikutana na bibi mmoja mzee sana aliyebeba kuni kichwani. Akamwamkia haraka haraka kwa salamu ya mjini, akataka kupita. Yule bibi akamsimamisha. "Ng'wa nani?" Kijana akataja jina la baba yake. Bibi akatikisa kichwa, hakumpata. Akataja jina la babu yake. Hapo bibi akatua mzigo wa kuni chini, akamshika mkono, akaanza kumsimulia.

Ilikuwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipotakiwa kuyaacha makazi yao yaliyotawanyika na kuhamia katika vijiji vya pamoja. Mume wa bibi yule alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama. Watoto walikuwa wadogo. Siku ya mwisho ilikuwa imetajwa. Babu wa kijana huyu, ambaye hakuwa ndugu yao bali jirani tu, alifunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni, akawahamisha wao kwanza. Alikwenda safari mbili: moja kwa ajili ya mgonjwa na watoto, nyingine kwa ajili ya mtama wao. Alipogeukia mali yake mwenyewe mvua ilikuwa imekwisha kuanza, na sehemu ya mtama wake ikalowa, ikaoza. Hakuwadai kitu. Bibi akamaliza kwa kusema, "Basi wewe ni wa yule." Akajitwika kuni zake, akaenda.

Kijana alirudi kwetu na kutusimulia. Alisema alisimama barabarani muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa akiwa mtoto. Hakuwa amewahi kusikia habari zile hata nyumbani kwao. Babu alifariki kabla yeye hajazaliwa, na hakuwa mtu wa kujisifu.

Laiti habari ingeishia hapo, tungeweza kuwaaga kwa furaha. Lakini ndugu, inatupasa kusema na sehemu iliyobaki, kwa maana ndiyo inayotuhusu zaidi.

Bibi yule alikuwa akiishi peke yake. Mume alikwisha kufariki, baadhi ya watoto walitangulia mbele ya haki, na waliobaki walihama na ng'ombe kwenda mikoa ya mbali kutafuta malisho, kama wafanyavyo wengi wetu. Macho yake yalikuwa mekundu. Sisi sote tunajua macho ya wazee wa nchi hii yanavyokuwa mekundu: ni moshi wa miaka sitini katika jiko lisilo na dirisha, moshi wa kuni mbichi, na pale kuni zinapokosekana, moshi wa samadi ya ng'ombe. Lakini tunajua pia minong'ono inayofuata macho mekundu. Katika Usukuma wetu, damu ya vikongwe wasio na hatia imemwagika kwa sababu ya minong'ono hiyo. Tusijifanye hatujui.

Masika ya mwaka ule mtoto wa jirani alifariki kwa malaria. Zahanati ilisema ni malaria. Lakini baada ya mazishi watu wawili watatu walikwenda kwa mpiga ramli, na waliporudi hawakutaja jina la mtu yeyote hadharani, ila kuanzia siku ile watoto walikatazwa kupita karibu na nyumba ya bibi. Salamu zikakoma. Yeye aliyewauliza watu wote ni wa nani, sasa hapakuwa na mtu wa kusema kwamba bibi huyu ni wa kwetu.

Kijana alilisikia jambo hilo. Alituambia baadaye kwamba usiku ule hakulala, kwa sababu alielewa maana ya maneno aliyoambiwa njiani. Ikiwa yeye ni wa yule aliyefunga ng'ombe mwaka 1974, basi ng'ombe wanapaswa kufungwa tena, na safari hii hakuna mwingine wa kuwafunga. Kesho yake alimpelekea bibi maji. Kesho kutwa akampelekea tena, mchana kweupe, ili kila mtu aone. Kisha akaenda kwa katekista na kuomba kwamba jumuiya ndogondogo ya Kikristo wiki ile isali nyumbani kwa bibi yule.

Katekista, tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, hakusema atafikiri. Alitoa taarifa kwa uongozi wa kijiji juu ya minong'ono ile, kisha akaja kwetu. Na hapa, ndugu, inatubidi tuungame mbele yenu. Habari za bibi yule hazikuwa ngeni masikioni mwetu. Tulikwisha kuzisikia muda mrefu. Tulikuwa tumehubiri juu ya upendo, tena tulihubiri vizuri, na tulikuwa tukipita kwa gari mbele ya nyumba yake kila tulipokwenda kigangoni, wala hatukusimama hata mara moja kumsalimu. Tulikuwa na jibu la swali la kijana, lakini hatukuwa tumekwenda kuona, kama Bwana alivyowaalika wale wawili.

Alhamisi ile tulikwenda. Jumuiya ina kaya zaidi ya ishirini. Siku ile tulifika watu saba, pamoja nasi na katekista. Wengine walisema wana mgonjwa, wengine walisema wana kazi, na wengine hawakusema kitu. Tulikaa chini ya mti, tukasoma Injili, tukasali. Bibi alikwenda kwa kila mmoja, akamshika mkono, akamwuliza ni wa nani. Wiki iliyofuata tulikuwa kumi na wawili. Baada ya miezi kadhaa mama wa yule mtoto aliyefariki alikuja mwenyewe, akakaa pembeni, akalia. Hakuna aliyemsemesha, bibi alimpa kigoda tu.

Bibi yule aliishi miaka miwili zaidi. Akafariki kwa uzee, usiku, kitandani kwake. Enyi mnaoishi nchi nyingine, pengine hamwoni ajabu yoyote katika habari hiyo. Lakini sisi wa huku tunajua kwamba kwa mama aliyenong'onwa namna ile, kufa kitandani kwake ni jambo kubwa. Wapo majirani ambao hadi leo hawajarudi katika jumuiya, na tunaendelea kuwaombea na kuwatembelea. Kijana naye hakutajirika. Analima pamba na mahindi kama wengine, bei ikiwa nzuri anafurahi, bei ikiwa mbaya anavumilia. Tulimwuliza siku moja kama amepata jibu la swali lake. Alifikiri, akasema, "Padre, sijui kama nimelijibu. Ila siku hizi nikiamka najua nani ananingoja."

Ndugu wapenzi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo iliyotolewa Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu hawezi kujipata mwenyewe kikamilifu isipokuwa kwa kujitoa kweli kwa ajili ya wengine. Tuliyasoma mafundisho hayo tukiwa seminarini, tukayajibu katika mtihani. Lakini tuliyaelewa siku tulipoona ndoo ya maji ikipelekwa kwa bibi mchana kweupe.

Sasa pengine mmoja wenu anauliza: je, mimi nisiye na ukoo? Mimi niliyeokotwa, mimi niliyefukuzwa, mimi mgeni nisiyejulikana hapa na mtu? Nikiulizwa ni wa nani, nijibu nini? Swali hilo ni la haki. Kwa kweli salamu ya "wewe ni wa nani" inaweza kugeuzwa kuwa kufuli. Tunaweza kuitumia ili kumfungia nje mjane, mgeni, mtu wa kabila lingine, mtoto mwenye ualbino, na kila asiye na mtu wa kumsemea. Ndiyo maana tunamhitaji Mtume Paulo katika somo la pili. Anawaambia Wakorintho kwamba wao si mali yao wenyewe. Wamenunuliwa kwa thamani, na miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katika mji ule wa bandari, walimokuwamo watumwa wengi, kila mtu alijua maana ya kununuliwa. Paulo anachukua neno la aibu na kulifanya neno la heshima: yuko mmoja aliyekununua, si ili akutumikishe, bali ili akuweke huru, na bei aliyolipa ni uhai wake mwenyewe.

Hakuna aliyeyaelewa maneno hayo kuliko Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Afrika. Alizaliwa Darfur, nchini Sudani, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa. Hofu aliyoipata ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliompa jina la Bakhita, neno la Kiarabu lenye asili moja na neno letu bahati: mwenye bahati. Aliuzwa na kuuzwa tena, akapigwa, akachanjwa mwili. Mtoto yule angekutana na mzee wa Kisukuma, akaulizwa ni wa nani, angejibu nini? Alimjua tu bwana aliyemmiliki siku ile.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia. Huko Venezia, kwa masista Wakanosa, alifundishwa juu ya Mungu ambaye alikuwa akimtafuta moyoni tangu utotoni, alipotazama jua na nyota na kujiuliza ni nani mwenye vitu hivyo. Novemba 1889 mahakama ilitamka kwamba yeye si mtumwa wa mtu. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Baadaye, kila alipopita karibu na kisima cha ubatizo alikibusu, kwa kuwa hapo ndipo alipofanywa mwana wa Mungu. Jina la wazazi wake hakulikumbuka, lakini sasa alijua ni wa nani. Naye hakulifungia jibu hilo moyoni. Akawa sista, akapika, akashona, akafungua mlango wa konventi ya Schio kwa upole hata watoto wa mji wakampenda, mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Kwa hiyo, ndugu, ubatizo wetu haufuti ukoo, bali unaupanua. Yule asiye na ukoo anapata ukoo, na yule mwenye ukoo anapata ndugu ambao hakuwachagua. Bibi mwenye macho mekundu ni wa Kristu, kwa hiyo ni wetu. Anayemgusa amegusa hekalu la Roho Mtakatifu.

Tufanye nini basi juma hili? Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tukae na Bwana. Wale wawili walikaa naye tangu saa kumi. Tutokapo shambani, kabla ya kuwasha redio au kushika simu, tutenge muda mfupi wa kunyamaza mbele yake na kumwacha atuulize tunatafuta nini. Tusiharakishe kumpa jibu zuri. Tumweleze lililo kweli.

Pili, kila mmoja amtafute Eli wake. Vijana, nendeni kwa wazee wenu mkawaulize mababu zenu walifanya nini, mema na mabaya pia. Wazee, msingoje kuulizwa. Huenda mjukuu wako anatembea barabarani bila kujua kwamba yeye ni wa mtu aliyefunga ng'ombe kwa ajili ya jirani. Nanyi makatekista, mnapoandikisha wakatekumeni msiishie kwenye jina na umri. Mwulizeni kila mmoja ametoka kwa nani, na ni nani aliyemleta, kama Andrea alivyomleta Simoni.

Tatu, katika kila jumuiya tujiulize: ni nani katika eneo letu ambaye hasalimiwi? Tusingoje mpaka mpiga ramli amtaje. Mahali hapo ndipo jumuiya ikasali juma hili. Na kama mtasikia minong'ono ya kutaka kumdhuru mtu, msinyamaze kwa kuogopa kuchukiwa. Waambieni viongozi wa kijiji, waambieni polisi, mwambieni padre wenu. Na padre akichelewa, kama sisi tulivyochelewa, mwambieni tena.

Mithali ya Kiswahili husema, mkono mmoja haulei mwana. Hakuna aliyejizaa, hakuna aliyejilea, hakuna atakayejizika. Basi asiwepo anayedhani kwamba atajifahamu peke yake.

Siku moja sisi sote tutafika mwisho wa njia, na hapo atakuwepo Mmoja wa kutupokea. Tunaamini kwamba atatutazama kama alivyomtazama Simoni. Heri yetu kama hapo tutaweza kujibu kwamba tu wake, na kama watakuwepo nyuma yetu wachache wa kusema: huyu naye ni wetu, alituhamisha mvua ilipokuwa karibu.

Ee Bwana, uliyetuita kwa majina yetu hata kabla hatujakujua, utujalie kuisikia sauti yako, na kuitambua kwa msaada wa wenzetu. Utufundishe kwamba sisi si mali yetu wenyewe. Uwalinde wazee wetu wote, na hasa wale wanaoishi peke yao. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristu Bwana wetu.

Amina.